Fundi, Usisome kwa Sauti

Wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo kupimwa suti. Rafiki yangu wa tangu chuo anaoa, na mimi ni mmoja wa vijana watakaomsindikiza. Kamati ya harusi imeamua suti zote zishonwe kwa fundi mmoja ili zisitofautiane, na fundi mwenyewe ni mzee wa makamo, mpole, miwani puani, kashona suti za mji huu mpaka amesahau idadi.

Tulikuwa watano. Unasimama, mzee anazungusha tepu, anasoma kipimo kwa sauti, na kijana wake anaandika kwenye daftari. Aliyenitangulia akasomewa, "Kifua arobaini na mbili! Kiuno thelathini na nne!" Akarudi kukaa akitembea kama mtu aliyetoka kutangazwa mbunge. Ikafika zamu yangu.

"Kifua thelathini na nne."

Kijana wa daftari akainua kichwa. "Ngapi, mzee?"

"Thelathini na nne. Andika."

Kicheko. Bwana harusi mtarajiwa akadakia, "Huyo mshonee ya darasa la saba, kitambaa kitakachobaki tutengenezee tai." Na mimi nikacheka, tena nikawazidi wote kwa sauti, maana hiyo ndiyo sheria: ukichekwa mwili wako, cheka kwanza, cheka zaidi.

Jamani, mimi nina miaka 27. Nina shahada, nina kazi, jina langu linatoka gazetini karibu kila wiki. Nimewahi kumbana waziri maswali mpaka akaaga mkutano kabla ya muda. Lakini jioni ile kwenye daladala nilikaa nimekunja mikono kifuani njia nzima, kama mtoto aliyeibiwa daftari. Inchi nane tu za tepu! Zimefanya nini hasa?

Nikaona bora niandike. Tumezoea kudhani kwamba suala la kujitazama kwenye kioo na kujichukia ni la dada zetu. Wanawake wana haki ya kulalamika, na wanalalamika, na siku hizi ukimwita dada "bonge" mbele za watu kuna atakayekukemea. Mwanaume je? Kiswahili kimetuwekea ghala zima: kimbaumbau, njiti, mbavu za mbwa, bonge, tipwatipwa, andunje. Kwetu sisi hayo hayahesabiwi kuwa matusi. Ni majina ya utani, na wengine wanazeeka nayo. Kuna watu wazima mtaani kwetu ambao jina lao la ubatizo linajulikana na mama zao na benki tu.

Mimi jina langu lilikuwa Antena. Nilipewa kidato cha kwanza, shule ya bweni ambayo sitaitaja, na lilidumu miaka minne. Mabafu ya bweni letu hayakuwa na milango. Kwa hiyo kwa miaka minne nilioga saa kumi alfajiri, maji ya baridi, gizani, wenzangu wakidhani naamka kujisomea. Walimu walinisifu kwa juhudi. Wengine walinichukulia mchamungu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwepa kuonwa mbavu. Na nilivaa fulana mbili chini ya shati la shule, wakati mwingine tatu, kwenye joto lile la pwani, ili shati lijae kidogo mabegani. Kama na wewe unayesoma uliwahi kuvaa fulana mbili, najua unatabasamu sasa hivi. Tuko wengi. Ila hatujawahi kukutana.

Sasa, wataalamu wa nje wana maelezo yao. Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Harrison Pope, na wenzake walifanya jambo la kuchekesha mwaka 1999: walichukua midoli ya kijeshi ambayo watoto wa kiume wa kule wameichezea vizazi na vizazi, ile inayoitwa G.I. Joe, wakaipima kwa tepu kama fundi wangu wa Kariakoo. Mdoli wa mwaka 1964, ukiukuza hadi urefu wa mtu mzima, ana mkono wa kawaida, kama inchi 12 hivi. Toleo la miaka ya 1990 ukilikuza hivyo hivyo linakupa mkono mnene kuliko wa mtunisha misuli yeyote aliyewahi kuishi. Hoja yao: mwanaume wa plastiki alivimba, wa kwenye sinema akavimba, yule wa nyama na damu akabaki nyuma akijitazama.

Nakubaliana nao nusu. Sisi hatukuwa na midoli, lakini tulikuwa na kibanda umiza. Nani kati yetu hakukaa kwenye benchi la mbao akimwangalia Schwarzenegger kwenye Commando, filamu ya mwaka 1985 iliyokuwa bado inaonyeshwa mitaani kwetu miaka zaidi ya ishirini baadaye, kisha akarudi nyumbani akavua shati mbele ya kioo cha mama? Nilifanya hivyo. Nilikunja mkono. Hakikutokea kitu.

Lakini nusu nyingine sikubaliani. Ukisema tatizo ni sinema na Instagram tu, unasahau kwamba kwetu mwili wa mwanaume ulikuwa unasomwa kwa sauti kabla hata ya televisheni kufika. Na haukusomwa kwa ajili ya uzuri. Ulisomwa kama barua ya benki na kama cheti cha hospitali.

Chukua kitambi. Mzungu akiota kitambi anaambiwa hajijali. Mswahili akiota kitambi anaambiwa mambo yake yamenyooka. Ukikutana na mtu mliyepotezana miaka miwili akakuambia "umenenepa", hapo amekusalimia vizuri, ujibu "tunamshukuru Mungu". Na hata pale tulipowachukia wenye vitambi hatukubadilisha maana yake. Vikatuni vya enzi za Ujamaa vilimchora mnyonyaji akiwa na tumbo limetangulia mbele, kwa sababu kila mtu alijua tumbo ni nini: ni chakula cha mtu mwingine kilichoishia hapo. Aliyekula ana tumbo, aliyeliwa hana. Mwaka huo ukipewa cheo, mwaka unaofuata watu wanaangalia mkanda wako kuona kama unakula.

Ndiyo maana vijana wenzangu wawili pale ofisini walipoanza kuota vitambi hawakuwa na haraka navyo. Mmoja alipandishwa cheo na kitambi chake kwa pamoja na sijui kipi kilianza. Madaktari wanasema mwanaume akizidi sentimita 94 kiunoni hatari ya kisukari na maradhi ya moyo inapanda. Lakini nenda kamwambie hivyo mtu ambaye ukoo mzima unamwona ndiye aliyefanikiwa! Anaogopa kisukari, sawa. Anaogopa zaidi kurudi kijijini Desemba akiwa amepungua, wakasema amefukuzwa kazi.

Na hata siasa zetu zinausoma mwili. Kampeni za mwaka 2015, wakati afya ya Edward Lowassa ilikuwa gumzo nchi nzima, John Magufuli alipanda jukwaani akapiga pushapu mbele ya umati. Sera za viwanda wengi tumezisahau, zile pushapu tunazikumbuka. Wote wawili wametangulia mbele ya haki, Magufuli mwaka 2021 na Lowassa mwaka 2024, Mungu awarehemu. Ila siku ile niliona wazi kwamba hata mtu anayeomba kuongoza mamilioni inabidi kwanza ajibu swali la mwili.

Nimefika kwenye wembamba. Hapa nitakwenda polepole kidogo.

Nchi jirani ya Uganda, mwaka 1985, madaktari waliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya ambao watu wa Rakai na maeneo ya jirani walikuwa wameshaupa jina: slim. Yaani wembamba. Upande wetu wa Kagera wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1983, na kwa miaka ishirini iliyofuata, kabla ya dawa kuanza kutolewa bure mwaka 2004, mtu mzima akipungua Tanzania nzima ilijua la kusema. Ilisemwa kwa kunong'ona, "amekanyaga miwaya". Hakuna aliyesubiri kipimo cha damu. Kipimo kilikuwa mashavu, shingo, na jinsi suruali inavyokaa.

Baba yangu alikuwa seremala, Muheza. Alifariki mwaka 2003, mimi nikiwa na miaka mitano, kwa hiyo nina kumbukumbu chache sana zake na sina hakika zote ni zangu. Ila moja ni yangu. Namwona amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, amepasha moto msumari kwenye jiko la mkaa, anatoboa tundu jipya kwenye mkanda wake. Ngozi inatoa moshi. Mimi nafurahia ule moshi. Mkanda ule mama anao mpaka leo, una matundu matano ya kiwandani na manne ya msumari.

Majirani waliyahesabu matundu yale kabla yetu. Wakaacha kuja kunywa chai. Mteja mmoja alifuata mbao zake akasema atatafuta fundi mwingine mwenye nguvu. Haya nilisimuliwa baadaye.

Sasa wewe niambie: mtoto wa baba huyo, akikua mwembamba, mama yake anamwangaliaje? Kila nikirudi likizo mama alikuwa ananishika mkono hapa juu, kati ya kiwiko na bega, anabinya kidogo, kama mtu anayekagua embe sokoni. Hasemi kitu. Anakwenda jikoni, anaongeza tui.

Nilipoanza kazi Dar hapa, mwaka wa kwanza, nilikuwa nalala saa sita, naamka saa kumi na moja, nakula chipsi mayai mara moja kwa siku. Nikapungua zaidi. Kuna siku mhariri wangu, mtu mwema kabisa, aliniita pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, uko sawa kweli? Umeshapima?" Nilikuwa nimepima. Niko salama. Lakini swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wiki hiyo hiyo nikanunua vidonge.

Ukitembea mitaa ya mji huu utaona makaratasi kwenye nguzo za umeme: nguvu za kiume, kurudisha mpenzi, kuongeza mwili. Siku hizi mengi yamehamia kwenye simu. Mimi sikwenda kwa mganga, mimi ni msomi bwana! Nilikwenda kwenye duka la dawa, lenye koti jeupe na feni. Nikasema nataka dawa ya hamu ya kula. Muuzaji akanitazama juu mpaka chini, hakuuliza cheti, akanifungia aina mbili kwenye karatasi ya kaki. Vyeupe kimoja asubuhi na kimoja jioni, vingine kimoja kabla ya kulala. "Mwezi tu braza, hawatakujua."

Na kweli hawakunijua. Nilikuwa nalala kama gogo na kuamka na njaa ya punda. Wiki ya tatu mashavu yakajaa. Wiki ya tano shingo ikapotea. Nikavaa fulana moja! Kazini wakaanza: "Kaka, siku hizi unang'aa." "Umeongezwa mshahara nini?" Msichana wa mapokezi ambaye hakuwahi kuniitikia salamu vizuri akaniuliza nakaa wapi. Yule mhariri akanipiga bega, hakusema neno, lakini nikaona amepumua.

Mwishoni mwa mwezi wa pili nikaenda nyumbani. Mama alikuwa anachagua mchele barazani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akainua macho na asiitikie. Akasimama, ungo ukadondoka, mchele ukamwagika wote. Akanishika mashavu kwa mikono miwili. "Marahaba mwanangu. Marahaba, marahaba. Umenawiri, mwanangu." Akalia. Halafu akaita majirani. Wale wale, au watoto wa wale wale. Wakaja wakanitazama, wakanywa chai.

Wadau, sijawahi kumfanyia mama yangu jambo lililomfurahisha kuliko lile. Hata siku ya mahafali hakufurahi hivyo.

Vidonge viliisha nikiwa huko huko Muheza. Siku ya tatu nikaanza kusikia kizunguzungu nikisimama. Siku ya nne miguu mizito, kichefuchefu, jasho jembamba. Nikamdanganya mama kwamba kazini wananihitaji, nikapanda basi, na kutoka stendi nikaenda hospitali moja kwa moja. Daktari, kijana kama mimi, aliniuliza swali moja tu baada ya kuniangalia usoni: "Umekuwa unameza nini?" Nikampa karatasi ya kaki, nilikuwa nimeibakiza mfukoni.

Ile ya usiku ilikuwa dawa ya mzio, siproheptadini, ambayo madhara yake ya pembeni ni usingizi na hamu ya kula. Watu wanaitaka kwa hayo madhara. Ile nyeupe ilikuwa deksamethasoni. Ni dawa ya heshima kabisa mahali pake, ndiyo ile ambayo mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walithibitisha kuwa inapunguza vifo kwa wagonjwa mahututi wa Uviko. Lakini inafanya kazi kama homoni ambayo mwili hujitengenezea wenyewe kwenye tezi zilizo juu ya figo. Ukiimeza kutoka nje wiki nyingi, tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, zinalala. Ukiacha ghafla, huna ya nje na huna ya ndani. Hapo ndipo mtu anaanguka. Wengine hawaamki.

"Na huku kunenepa?" nikamuuliza.

"Hujanenepa, kaka. Umevimba." Akaniambia mengi ni maji, na mafuta yaliyohamia usoni na tumboni, hata huko kwao wana jina lake, uso wa mwezi. Kwamba mikono na mapaja ilikuwa inakonda kwa chini chini, kwa sababu dawa ile inakula msuli. Presha yangu ilikuwa juu ya umri wangu, na sukari imeanza kupanda. Alinirudishia dozi ndogo na kuipunguza taratibu kwa wiki kadhaa, mpaka tezi zikaamka.

Nilitoka pale nikiwa na jambo moja kichwani ambalo mpaka leo silimalizi. Nilipokuwa mzima waliniuliza kama nimepima. Nilipokuwa naumwa walinipongeza. Mama alimwaga mchele kwa furaha ya kuona dalili za ugonjwa. Uso wangu ulirudi ulivyokuwa baada ya miezi kama mitatu, na kila aliyenisifu akaanza kunisikitikia. Mama sijamwambia. Akisoma hapa... hasomi mtandao, ila binamu zangu mnasoma, naomba mnihifadhie.

Turudi kwa yule wa kifua 42. Baada ya kupimwa tulikaa sehemu tukanywa soda, tukabaki wawili. Mimi nikamwambia kwa utani, "Mwanangu wewe umeshinda leo." Akaangalia chini. Akasema, "Mwezi wa tatu ilikuwa 44."

Nikadhani anatania. Hatanii. Huyu ni mhasibu, jimu anakwenda siku sita kwa wiki. Alianzia kwenye ile jimu ya uani mtaani kwao, vyuma vya saruji iliyomwagwa kwenye makopo ya rangi, na kwa wengi wao pale wala haikuwa mapambo. Kijana asiye na cheti akitunisha misuli anapata kazi ya ubaunsa, mlangoni kwa klabu au nyuma ya msanii, kwa hiyo kifua chake ndiyo barua yake ya maombi. Hao nawaelewa. Lakini mhasibu wangu hana sababu hiyo. Akaniambia akikosa mazoezi siku mbili anajiona amekwisha, amenyauka, kila mtu njiani anamwona. Harusini anabeba mayai yake ya kuchemsha kwenye mfuko. Hajavua shati ufukweni Coco miaka miwili, akisubiri awe tayari. Na mwaka juzi alichoma sindano, zile za homoni ya kiume, mpaka alipoanza kuona mambo fulani yanasinyaa huko chini. Maana ndivyo zinavyofanya: mwili ukipewa homoni hiyo kutoka nje, kiwanda chake kinapunguza kazi, mbegu zinapungua, korodani zinanywea. Mtu anatafuta uanaume juu, anaupoteza chini. Na tezi zangu za juu ya figo nazo zililala kwa mtindo ule ule! Tulitazamana tukacheka, safari hii kicheko cha kweli.

Tatizo lake lina jina kitaalamu. Pope huyo huyo na wenzake waliandika juu yake miaka ya 1990: mwanaume mwenye misuli tele anayejiona njiti kwenye kioo. Mwanzoni waliliona kama kinyume cha ule ugonjwa wa wasichana wa kujinyima chakula, na tangu mwaka 2013 limo kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani. Kwa hiyo mimi nilikuwa namwonea wivu mtu anayejiona kama mimi. Miaka sita ya urafiki na hakuna aliyewahi kusema.

Na tunawafanyia nani haya yote? Tunasema wanawake. Pope na wenzake walilipima hilo pia, mwaka 2000, Austria, Ufaransa na Marekani. Waliwaonyesha vijana wa kiume picha za miili wakawaambia wachague ule wanaoutaka. Wakachagua wenye misuli zaidi yao kwa takriban kilo 13. Wakaulizwa wanawake wanapenda upi, wakachagua mkubwa zaidi kidogo. Wanawake wenyewe walipoulizwa walionyesha mwili wa kawaida. Mwaka 2005 wakarudia Taiwan na kukuta vijana wa kule hawana pengo kubwa namna hiyo, kumbe si ugonjwa wa wanaume wote duniani.

Bongo sina takwimu, nina dada mmoja tu tunayekaa naye dawati moja. Nilimuuliza. Akaniambia, "Kaka, mimi mwanaume namwangalia kama anasikiliza nikiongea. Kifua mnaangaliana wenyewe kwa wenyewe." Halafu akaongeza, "Ila asiwe mfupi." Basi nikajua hata yeye ana tepu yake.

Sisi waandishi nasi tuna dhambi zetu. Kurasa za afya magazetini zinawafundisha wanawake kupunguza uzito, na upande wa wanaume kuna matangazo ya nguvu za kiume tu, kana kwamba mwanaume ni kiungo kimoja kinachotembea. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika maelezo ya picha ya kiongozi mmoja yakigusia tumbo lake, chumba kizima cha habari kikacheka, yakachapwa. Nilijiona hodari. Sikuwahi kujiuliza kama asubuhi ile alilisoma akiwa na wanawe mezani. Ningeweza kuandika juu ya hesabu za ofisi yake, na zilikuwepo za kuandika.

Na ule utani? Najua mtaniambia Mswahili bila utani si Mswahili. Sawa. Mimi bwana harusi nitamtania mpaka ukumbini, nina mambo yake ya chuo hayajawahi kusemwa. Lakini naona kuna tofauti kati ya kumtania mtu kwa alichofanya na kumsomea mifupa yake hadharani. Na yule mhariri wangu hakuwa anatania, alinijali. Angeniuliza nimekula nini jana, ningemjibu "chipsi mayai", na huenda tungekwenda kula wali pamoja, nisingefika dukani kwa yule wa koti jeupe.

Jana nilirudi kwa fundi kujaribu suti. Imekaa vizuri, mzee anajua kazi yake. Alinizungusha mbele ya kioo, akavuta mabega mara mbili, akainamia sikioni kwangu kwa sauti ya chini kabisa, safari hii kijana wa daftari hakusikia: "Mwanangu, nikuwekee pedi hapa juu? Wenzako wawili wameniomba."

Sikuuliza ni wepi. Nilijitazama kwenye kioo muda mrefu kidogo. Nikamwambia weka mzee, lakini nyembamba.